Kazi za uhadhiri katika usafiri wa anga na sayansi ya angahewa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara na watu wa Tanga

Kila tangazo la nafasi za uhadhiri likitoka, simu yangu haitulii. Hupiga vijana waliomaliza shahada wakarudi nyumbani Ngamiani na Muheza, walimu wa fizikia wa sekondari, wazazi, na marubani waliochoka kulala hotelini. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafundisha sayansi ya angahewa chuo kikuu, na nimekaa kwenye majopo ya usaili kiasi cha kujua wanapoangukia watu wetu. Wengi huangushwa na makaratasi na haraka ya dakika za mwisho, ilhali kichwani wako vizuri kabisa. Jambo hilo linaniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika majibu haya kwa urefu.

Kwa nini urubani na hali ya hewa hutajwa pamoja kwenye tangazo moja?

Kwa sababu kimoja hakiendi bila kingine. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, una Kiambatisho cha 3 kinachohusu huduma za hali ya hewa kwa ndege peke yake. Tazama mstari mmoja wa aina anayopewa rubani wa ndege ndogo kabla ya kuruka Tanga kwenda Pemba. Huu nimeutunga kwa mfano, ila ndivyo yanavyoandikwa:

HTTG 140900Z 16012KT 9999 SCT022 28/22 Q1016

HTTG ni uwanja wa ndege wa Tanga. Tarehe ni 14, saa 0900 ya kimataifa, kwetu saa sita mchana. Upepo unatoka nyuzi 160 kwa noti 12, karibu kilomita 22 kwa saa. Huo ndio kusi wenyewe. 9999 maana yake unaona kilomita 10 au zaidi. Mawingu yametawanyika futi 2,200 juu ya uwanja. Joto ni nyuzi 28, na hewa ikipoa hadi nyuzi 22 mvuke wake utaanza kugeuka maji. Mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1016, na rubani asipouweka sawasawa kwenye altimita yake, chombo kitamdanganya kuhusu urefu aliopo.

Anayefundisha marubani anahitaji kuusoma mstari huo na kuufanyia uamuzi. Anayefundisha watabiri anahitaji kueleza kila namba imepimwaje na nini kitabadilika saa tatu zijazo. Vyuo vingine vimeamua kuwaweka watu hao wawili chini ya paa moja. Mfano unaotajwa sana ni University of North Dakota ya Marekani, ambako John D. Odegard alianzisha idara ya usafiri wa anga mwaka 1968. Leo shule yenye jina lake ina idara ya urubani na idara ya sayansi ya angahewa kwa pamoja.

Hapa Tanzania nitazikuta wapi nafasi hizo?

Kwetu zimetawanyika, na mtu akitafuta mlango mmoja tu atakosa mingi. Shahada ya meteorolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, ndicho kilichobeba mafunzo ya matengenezo ya ndege na masomo ya usafiri wa anga, na kimeteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha kikanda katika fani hiyo chini ya EASTRIP, mradi wa kukuza stadi Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina chuo chake Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ina chuo chake Kigoma kinachotoa mafunzo ya ngazi za chini ya shahada. Hivi viwili vya mwisho vinahitaji wakufunzi zaidi kuliko wahadhiri, lakini usivipuuze, kwani ni mahali pazuri pa kujenga uzoefu wa kufundisha.

Nafasi za vyuo vya umma hupita kwenye mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti yako leo, kabla hujaona tangazo lolote, na ujaze kila sehemu. Muda wa maombi huwa mfupi, mara nyingi siku 14. Mtu wa Handeni au Lushoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kutafuta wakili wa kugonga mhuri na cheti cha kuzaliwa kilichopotea, siku 14 hazimtoshi. Vyuo binafsi hutangaza vyenyewe kwenye tovuti zao na magazetini.

Neno moja la tahadhari: ukiombwa pesa ya "kuharakisha" jina lako, huyo ni tapeli. Maombi ya Ajira Portal hayana ada.

GPA yangu, yaani wastani wa alama za shahada, ni 3.6. Je, nisihangaike?

Inategemea unaomba cheo gani na chuo gani. Ngazi kwa vyuo vikuu ni hizi kwa kupanda: Mkufunzi Msaidizi, ambaye wengi humwita T.A., Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa. Matangazo ya vyuo vikuu vya umma yamekuwa yakidai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza ili uwe T.A., na kwa Mhadhiri Msaidizi huongezwa uzamili wenye GPA ya 4.0. Mhadhiri anatakiwa uzamivu. Kuanzia hapo unapandishwa kwa makala zako za kitafiti, ufundishaji na miaka ya utumishi.

Ukiwa na 3.6, mlango wa T.A. wa chuo kikuu cha umma huwa umefungwa, na mfumo wenyewe unaweza kukuchuja kabla mtu hajasoma barua yako. Soma tangazo la kila chuo, maana masharti hayalingani kote. Zipo pia kazi za mwanasayansi wa maabara, msaidizi wa utafiti kwenye mradi, na mkufunzi wa vyuo vya kati. Nimewaona watu wakianzia huko, wakafanya uzamili wa nguvu, wakapata nafasi ya utafiti nje ambako kamati iliangalia kazi yao kuliko namba ya shahada ya kwanza.

Mimi ni rubani wa ndege za biashara. Nina saa nyingi za kuruka lakini sina uzamili. Naweza kuwa mhadhiri?

Kaka, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali hili limezaa uchungu mwingi.

Leseni na shahada ni vitu viwili vinavyopimwa na watu wawili tofauti. Leseni ya urubani wa biashara chini ya viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga wa kiraia, inataka angalau saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili kwenye shule iliyoidhinishwa. Ile ya juu kabisa ya usafiri wa ndege inataka saa 1,500. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwetu TCAA. Inathibitisha kwamba unaweza kurusha ndege kwa usalama. Cheo cha mhadhiri kinatolewa na chuo kwa kuangalia shahada na utafiti. Kapteni mwenye saa 9,000 na stashahada hawezi kuajiriwa kuwa Mhadhiri wa chuo kikuu cha umma kwa saa hizo peke yake, na kijana mwenye uzamivu wa aerodinamiki haruhusiwi kumfundisha mtu kuruka kama hana leseni yenye kibali cha ukufunzi.

Kwa hiyo, ukiona tangazo, tafuta kwanza limeandikwa "mhadhiri" au "mkufunzi". Mkufunzi wa urubani au wa matengenezo ya ndege hupimwa kwa leseni, vibali na uzoefu. Hapo wewe ndiye unayetafutwa, na huna sababu ya kuona aibu kwamba huna uzamili.

Njia ya pili ni kufundisha kwa muda. Vyuo huchukua wataalamu wa kuja mara chache kwa wiki kufundisha kozi moja, mathalani sheria za anga, usalama wa safari au mambo ya kibinadamu katika urubani. Ukitaka kuvuka moja kwa moja kwenda uhadhiri, soma uzamili ukiwa kazini. Chagua mada ambayo kazi yako inakupa faida: usimamizi wa usalama, uchovu wa marubani, ndege ndogo kwenye viwanja vifupi vya pwani. Mtu aliyetua Tanga, Pangani na Pemba katika mvua za masika ana maswali ambayo sisi wa madarasani hatujawahi kuyafikiria, na mimi binafsi ningependa kumwona chuoni.

Mafundi ndege nao hali ni hiyohiyo. Leseni yenu ya matengenezo ina thamani kubwa sana kwenye karakana za vyuo. Itajeni juu kabisa kwenye wasifu, pamoja na aina za ndege mlizoidhinishwa.

Nilisoma fizikia na hesabu, sijasoma meteorolojia. Nitakubaliwa?

Kwa utafiti wa angahewa, ndiyo, na wengi wetu tumepita njia hiyo. Angahewa ni fizikia na hesabu zinazotembea. Kinachotakiwa ni kuziba pengo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limeweka mtaala wa msingi ambao kila anayeitwa mtaalamu wa hali ya hewa anapaswa kuwa ameupitia: fizikia ya angahewa, mienendo ya hewa, mifumo mikubwa ya hali ya hewa pamoja na matukio ya kanda ndogo, na tabianchi. Soma tangazo, likitaja kutimiza mtaala huo wa WMO, inabidi shahada yako, au uzamili ulioongeza, uonyeshe masomo hayo kwa majina kwenye transkripti. Mhitimu wa jiografia ana safari ndefu kidogo upande wa hesabu, ila kwenye tabianchi na athari zake kwa jamii ana nafasi yake.

Shikamoo mwalimu. Nimefundisha sekondari muda mrefu, nina miaka 43. Nimechelewa?

Marahaba. Hujachelewa. Matangazo ya utumishi wa umma huweka kikomo cha miaka 45 kwa waombaji, lakini huwatoa kwenye sharti hilo walio tayari kwenye utumishi wa umma. Wewe ni mtumishi, kwa hiyo barua yako ipitie kwa mwajiri wako. Anza kuisukuma mapema, maana saini ya halmashauri nayo ina foleni.

Niko Tanga, sina maabara wala kompyuta kubwa. Utafiti nitaufanyia wapi?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndipo ninapotamani watu wetu wajiamini zaidi.

Toka Raskazone ufuoni mpaka Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki hakufiki kilomita 100, na katika mwendo huo unapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu meta 900, ukitoka kwenye minazi na mkonge kuingia msitu wenye ukungu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia Amani mwaka 1902. Sasa jiulize: upepo wa bahari unaoanza kuvuma Tanga mchana unaingia nchi kavu umbali gani wakati wa kaskazi, na umbali gani wakati wa kusi? Mawingu yanajijenga saa ngapi juu ya Usambara? Rubani anayerudi alasiri kutoka Pemba atakutana na nini? Nahodha yeyote pale Deep Sea atakueleza habari za umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini, na atakwambia ni miezi gani haumfikishi mbali. Anachokijua kwa uzoefu, wewe unaweza kukipima na kukiandika.

Chukua pia vimbunga. Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo nguvu ya mzunguko wa dunia inayosokota kimbunga ni dhaifu, ndiyo maana vimbunga ni nadra kwetu. Nadra, lakini vipo. Kimbunga cha 15 Aprili 1872 kiliharibu mikarafuu ya Unguja, kikazamisha meli za Sultani, na kikabomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo iliyokuwa imeanzishwa miaka minne kabla. Mei 2024 Hidaya ilifika hadi Mafia. Tulivyojiandaa bandarini na kwenye viwanja vidogo vya ndege vya pwani ni mada ya tasnifu nzima, na mtu wa hapa atapata majibu ambayo mgeni hatayapata.

Data zipo. ERA5, ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, inatoa upepo, joto na mgandamizo wa hewa wa kila saa tangu 1940, bure kwa aliyejisajili. CHIRPS inatoa makadirio ya mvua tangu 1981. Data za vituo vya TMA zinaombwa kwa utaratibu wao; andika barua mapema ukieleza matumizi. Lugha ya programu ya Python haina gharama. Ukikata kipande cha mkoa wa Tanga peke yake, kompyuta mpakato ya kawaida inatosha, na ukishusha usiku bando halitakuumiza sana. Kwa masomo, tovuti ya MetEd ya programu ya COMET ina kozi za bure za hali ya hewa ya usafiri wa anga.

Makala moja fupi iliyotokana na kazi kama hiyo, hata ikiwa ya mkutano wa kitaaluma tu, hubadilisha namna jopo linavyokutazama. Kuwa mwangalifu na majarida yanayochapisha chochote ndani ya siku chache kwa malipo. Yakionekana kwenye wasifu yanakuharibia.

Makosa gani ya makaratasi yanawaangusha watu?

Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita zikipelekwa badala ya vyeti kamili hazikubaliwi, na matokeo ya muda ya chuo nayo hayakubaliwi. Vyeti vya nje bila ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, au ya Baraza la Mitihani, NECTA, kwa sekondari, vinarudi. Majina yasiyolingana nayo ni tatizo kubwa pwani: cheti cha kuzaliwa Mwanaidi, cha shule Mwanahidi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandikwa vingine kabisa. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina sasa hivi.

Barua ya maombi isiwe kurasa tatu. Taja nafasi na namba ya kumbukumbu ya tangazo, kozi mbili tatu unazoweza kufundisha kesho asubuhi, na swali lako la utafiti kwa sentensi zinazoeleweka. Wadhamini watatu wawe wanaokujua kazini au darasani, na uwe umewaomba ruhusa. Nimewahi kushuhudia mdhamini akipigiwa simu na kuuliza, "Huyo ni nani?"

Na nafasi za Marekani na Ulaya?

Vyuo vya Marekani hutangaza zaidi kati ya Agosti na Desemba kwa kazi inayoanza Agosti inayofuata. Watataka barua, wasifu, maelezo ya falsafa yako ya ufundishaji, maelezo ya mpango wa utafiti na barua za wadhamini. Nafasi zinazoelekea ajira ya kudumu hupimwa kwa takriban miaka sita kabla ya uamuzi. Kwa angahewa, karibu zote zinataka uzamivu, na mara nyingi huwa umepitia miaka miwili mitatu ya utafiti baada ya uzamivu. Kwa usafiri wa anga kuna nafasi za kufundisha zinazokubali uzamili pamoja na leseni, lakini leseni ya Tanzania haikupi moja kwa moja haki ya kufundisha kuruka kule; lazima uwe na cheti cha ukufunzi cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Vyuo vya kuangalia, mbali na North Dakota, ni Embry-Riddle, chenye kampasi Daytona Beach na Prescott. Ulaya, angalia idara ya meteorolojia ya University of Reading, Uingereza. Mambo ya viza yaulize ofisi ya chuo yenyewe kabla ya kusaini.

Binti yangu anataka fani hii. Watu wananiambia si kazi ya mwanamke.

Mama, mwache asome, na ikiwezekana msukume. Dk. Agnes Kijazi aliwahi kuiongoza TMA na kuwa Makamu wa Tatu wa Rais wa WMO. WMO yenyewe tangu Januari 2024 inaongozwa na Celeste Saulo wa Argentina, mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya Katibu Mkuu, naye alikuwa profesa wa chuo kikuu kwao Buenos Aires. Matangazo ya hapa nchini pia huwahimiza wanawake kuomba. Anachohitaji sasa ni fizikia na hesabu za kidato cha sita zilizoshika.

Usaili ukoje?

Kwa kawaida kuna mchujo wa kuandika, kisha wa mahojiano, na kwa uhadhiri utapewa muda mfupi wa kufundisha mbele ya jopo. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kujaza slaidi hamsini. Chagua jambo moja. Mathalani, eleza kwa nini ndege ileile yenye mzigo uleule inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia Tanga saa nane mchana ya Februari kuliko alfajiri ya Julai: hewa yenye joto na mvuke mwingi ni nyepesi, bawa linapata mnyanyuko kidogo na injini inavuta hewa hafifu. Chora, weka namba, uliza jopo swali. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui na ueleze ungekitafutaje.

Nimefaulu usaili lakini sijapangiwa kituo. Nifanyeje?

Waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na wanaweza kuitwa nafasi ikitokea. Hakikisha namba ya simu na barua pepe kwenye akaunti yako ni zile unazotumia hadi sasa. Ukipangiwa, kuna miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini.

Naweza kukutumia barua yangu uipitie?

Naam, watu wa Tanga wanajua pa kunipata. Nitumie angalau wiki moja kabla ya siku ya mwisho, pamoja na tangazo lenyewe, maana barua siwezi kuipima bila kujua inajibu nini. Vyeti halisi na namba yako ya NIDA vibaki kwako.